Baiskeli ya stima haitaamuliwa mlimani, itaamuliwa bandarini

Vijana tunaonyonga nao baiskeli wikendi, kutoka mjini Malindi kuelekea Ganda na Jilore ama kuvuka daraja la Sabaki hadi Marafa, saa hii wamegawanyika. Kuna wanaosema baiskeli ya mlima ya kukanyaga ishakufa bado kuzikwa tu, manake huko Ulaya kila mtu sasa anataka ya umeme, na kuna wale wanaoshikilia kwamba ile ya umeme ni pikipiki iliyotiwa pedali na haifai kuitwa baiskeli. Wanabishana mpaka chai inapoa. Mimi nawasikiliza na naona pande zote mbili zinaangalia pahali sipo, kwa hivo wacha niyatoe yaliyo kifuani, ni marefu kidogo mnivumilie.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Baiskeli ya mlima ya stima, ile ya kweli, haina eksileta. Mota iko pale katikati kwenye krenki, ile mikono inayoshika pedali, na inafanya kazi ukikanyaga tu, ukiacha na yenyewe inanyamaza. Kuna sensa inapima miguu yako inasukuma kwa nguvu kiasi gani halafu mota inaongezea juu yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema mota iwe ya wati 250 na ikate ukifika kilomita 25 kwa saa, na Marekani zile za daraja la kwanza zinakata kwenye kilomita 32 hivi. Lakini hizo 250 ni za kipimo cha kuendelea kwa muda mrefu, ukiingia kilimani mota nyingi za sasa zinatoa 600 na zaidi kwa muda mfupi, na mwaka 2024 kampuni ya DJI, wale wanaotengeneza droni, wakatoa mota yao inaitwa Avinox inayofika wati 1000. Sasa chukua mwili wa binadamu, mtu mwenye afya yake ambaye si mwanariadha, akitoa wati 100 saa nzima bila kupumzika amejitahidi kweli. Yani ukiwasha ile nguvu ya juu kabisa unapanda huku watu sita ama zaidi wanakusukuma mgongoni.

Na wazo lenyewe si la jana. Yamaha walianza kuuza baiskeli ya kusaidiwa na mota kule Japani mwaka 1993. Hata hao wanaosema baiskeli ya mlima asili yake ni jasho wakumbuke ilivyoanza, miaka ya 70 pale Marin, California, kina Gary Fisher na Joe Breeze na wenzao walikuwa wanachukua mabaiskeli mazee mazito ya gia moja, mara nyingi wanapandishwa na pikapu mpaka juu ya kilima, halafu wanashuka kwa kasi mpaka grisi ya breki ya nyuma inaungua na lazma ibadilishwe kabla ya kushuka tena. Mbio zao za kwanza za kushindana na saa zilikuwa Oktoba 1976. Kwa hivo injini ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilikuwa kwenye pikapu. Hilo la asili naomba tuliweke pembeni, halitusaidii.

Niliwahi kuazimwa moja na Mtaliano mkaazi wa Watamu. Aliileta kwa meli pamoja na vyombo vyake vya nyumba, manake kwenye ndege ya abiria betri zile hazipandi, kikomo ni wati-saa 100 (ndo kipimo cha umeme unaobebwa na betri), ama 160 ukipewa ruhusa na shirika la ndege, na betri za baiskeli hizi nyingi ni kati ya 320 na 800. (Wenye mahoteli wanaotegemea kwamba wageni watakuja na zao wajue hilo mapema.) Nikaipeleka kwenye zile njia za mchanga mweupe pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa miti ya mirihi.

Pwani yetu haina milima ya maana, mlima wetu ni mchanga na upepo. Yeyote aliyerudi kutoka Mambrui mwezi wa saba na kusi inampiga uso mzima anajua ninachosema, unakanyaga gia ndogo kabisa kwenye barabara tambarare na bado mapaja yanawaka moto. Sasa ile baiskeli, wallahi, mchanga niliouzoea wa kushuka na kusukuma niliupita nimekaa. Tairi haikuzama, mota ilisukuma sawasawa bila ile kukanyaga kwa mikupuo inayofanya gurudumu la nyuma lichimbe shimo. Nikaongeza njia ambayo huwa naiacha kwa sababu jua likipanda sitaweza kurudi. Nilifurahi na sitaficha, nilifurahi kama mtoto.

Lakini kuna vitu viwili nilivihisi hata kabla sijarudisha. Kwanza uzito. Hizi zenye nguvu kamili zinakuwa kilo 22 mpaka 25, ile yangu ni kilo 14. Ukikuta gogo limeanguka njiani lazma uibebe, na ukishuka kwa kasi kwenye udongo mwekundu uliokauka breki zinashika lakini ule mzigo bado unataka kwenda mbele. Pili, na hili ndo limenikaa zaidi, kuna pahali huwa nalazimika kushuka nisukume, na pahali hapo ndo huwa nasalimiana na watu. Kina mama wanaotoka kuchota maji, wazee waliokaa kivulini, watoto wanaotaka kujua baiskeli ina gia ngapi. Napewa maji, naulizwa habari za mjini, naambiwa ndovu wamepita usiku usiingie njia ile. Siku ile nilipita hapo kwa kilomita 20 kwa saa, nikapunga mkono tu, nimeshapita.

Wanaosema ya stima ni ya wavivu nao hawana haki. Mwaka 2019 watafiti wa Brigham Young University kule Utah waliwapima waendeshaji baiskeli za mlima wazoefu 33, njia ileile, mara na ya kawaida mara na ya umeme, wakakuta mapigo ya moyo kwenye ya umeme yalikuwa karibu asilimia 94 ya yale ya kwenye ya kawaida. Yani mwili bado unafanya kazi, ila unaenda mbali zaidi na haraka zaidi, na wengi wao wenyewe walihisi hawakujichosha sana. Mimi nililala usingizi mzito siku ile kama siku nyingine yoyote ya kunyonga.

Na wanaosema ya kawaida imekufa wamwangalie kijana wa Afrika Kusini, Alan Hatherly. Chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kilipofanya ubingwa wa dunia wa kwanza wa baiskeli za mlima za umeme, mwaka 2019 kule Mont-Sainte-Anne nchini Kanada, aliyeshinda upande wa wanaume alikuwa yeye. Kama kuna mtu alikuwa na sababu ya kuiacha ya miguu ni yeye. Lakini akaendelea na ya miguu, mwaka 2024 akachukua medali ya shaba Olimpiki ya Paris na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia kule Andorra, kwa mapaja yake bila betri. Michezo miwili, mtu mmoja, hakuna kilichomeza kingine.

Sasa tuje nyumbani, manake sisi watu wa Malindi hatuhitaji kubahatisha mota ikikutana na pedali inakuwaje. Tumeshayaona. Wenye umri wangu mnakumbuka bodaboda za baiskeli, zile Black Mamba zenye mto kwenye keria, umetoka stendi unaenda Shela ama hospitali unakaa nyuma na kijana anakunyonga juani. Mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi kwa pikipiki zenye injini isiyozidi cc 250, na ndani ya miaka michache tu zile baiskeli za abiria zikapotea barabarani. Hakuna aliyefanya mkutano, hakuna aliyebishana kuhusu asili. Ami yangu alikuwa mmoja wao na nikamuuliza juzi kama anaikosa kazi ile, akaniangalia kwa muda akasema, "Mwanangu, baiskeli ile imewasomesha dada zako, lakini simtakii mtoto wa mtu." Magoti yake mpaka leo akipanda ngazi za msikiti anashika ukuta.

Kwa hivo mota ilipokuja ilichukua jasho la kulazimishwa. Muuza samaki anayetoka ufuoni na ndoo anaenda mpaka Kakuyuni, mtu wa makaa anayetoka bara na magunia amesukuma baiskeli tangu usiku, hao kama kuna mota ya bei nafuu ya kuwasaidia basi ije leo hii na mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia, sina mapenzi na pedali ya namna hiyo hata kidogo. Ami mwenyewe nilimpandisha kwenye ile ya Mtaliano, akazunguka uwanja na goti lake lilelile, akarudi anacheka, akaniuliza bei. Nilipomtajia akashuka polepole bila kusema neno. Hizo za mlima za maana zinauzwa maelfu ya euro.

Jasho la kuchagua ni habari nyingine. Sisi tunaoamka alfajiri Jumamosi kwenda kuona jua likichomoza juu ya yale makorongo ya Marafa hatuendi kwa sababu hakuna matatu. Tunaenda kwa sababu tunataka kufika pale na pumzi ya kutafuta. Mtu wa namna hii hatashindwa na mota, hata zikiwa bure. Naliamini hilo kabisa na ndo maana ule ubishi wa vijana haunitishi.

Kinachonitisha ni kontena.

Jiulize baiskeli zetu zinatoka wapi. Zile mpya za bei nafuu za dukani zinaitwa za mlima lakini ni za mapambo, shoki hazifanyi kazi, krenki inalegea, ukiipeleka Jilore mara kadhaa imekwisha. Sisi sote, kikundi chote, tunapanda mitumba. Baiskeli iliyopandwa Uingereza ama Ujerumani ama Uholanzi miaka kumi, mwenyewe akaichoka, ikaingia kontena, ikashuka Kilindini, ikauzwa Mombasa, ikafika kwetu. Fremu nzuri ya alumini, breki za kweli, kwa bei ambayo mwalimu ama mtu wa juakali anaweza kujichanga akailipa. Mchezo huu mzima hapa pwani umesimama juu ya vitu walivyoviacha wenzetu.

Na wenzetu sasa wananunua nini? Ujerumani mwaka 2023 baiskeli za umeme zilizouzwa zilifika milioni 2.1, na kwa mara ya kwanza zikazipita zile za kawaida. Zaidi ya nusu. Na kwenye za mlima mwelekeo wa huko ni huohuo, na zaidi. Hizo zinazouzwa Ujerumani leo ndo mitumba yetu ya kesho kutwa. Hakuna atakayetuuliza huku Malindi tunapenda ipi, mlango wa kontena utafunguliwa na tutachagua kwenye kilichomo.

Tumeshapitia kitu kidogo cha aina hii kwa magurudumu. Kulikuwa na wakati baiskeli ya mlima maana yake ni gurudumu la inchi 26, kisha viwanda vikubwa vikahamia 29 na 27.5, na sasa sisi tuliobaki na 26 tairi nzuri ya kushika mchanga tunaitafuta kwa tochi. Hilo lilikuwa gurudumu tu. Fikiria sasa ni mota.

Nilikaa na fundi wetu, mzee anayefanyia kazi chini ya mwarubaini tangu mimi niko madrasa, nikamwonyesha picha za mota za katikati zilivyofungwa. Mzee huyu hajashindwa na baiskeli, spoki anakata mwenyewe, beringi za pikipiki anazifanya ziingie, cheni iliyokatika anaiunga ukiwa bado unatafuta chenji. Akaitazama picha muda mrefu akauliza swali moja tu: "Nikiitoa hii mota, krenki naitia wapi?" Na jibu ni kwamba hakuna pahali. Kwenye baiskeli ya kawaida kuna lile bomba la duara chini ya fremu, beringi zinaingia, krenki inapita. Kwenye hizi fremu imekatwa na kuumbwa kwa ajili ya mota ya kampuni ile, kwa umbo lake na matundu yake. Mota ikifa fremu nzima imekufa nayo, huwezi kuirudisha iwe baiskeli ya kawaida hata ukiwa na nia njema kiasi gani.

Betri nayo ina mambo yake. Ndani mna seli ndogondogo za lithiamu, zile za volti 36 zina seli kumi kumi zimeungwa kwa mfululizo, na kuna ubao wa elektroniki unaozilinda na kuzungumza na mota. Vijana wetu wanaotengeneza betri za sola na simu wanaweza kuifungua, sina shaka na mikono yao, lakini kwa makampuni mengi ubao ukiona umeguswa unakataa, na mota haikubali betri ya kampuni nyingine. Kusoma kosa lake unahitaji kompyuta na programu ya wakala, na wakala hayupo Malindi wala Kilifi. Halafu weka juu yake hali yetu ya hewa. Lithiamu haipendi joto, inazeeka haraka zaidi hasa ikikaa imejaa chaji kwenye chumba cha mabati. Chumvi ya bahari inakula kila kiungio cha shaba, mwenye taa ya sola ya nje aliye karibu na ufuo ameshaona ule ukijani. Na betri iliyofunguliwa vibaya ikashika moto ndani ya nyumba ya makuti sitaki hata kuifikiria.

Betri ikishakufa unabaki na nini? Kilo ishirini na kitu za kunyonga kwenye mchanga na mwili wako tu. Ndo ile Black Mamba ya ami imerudi, safari hii bila keria na bila fundi anayeijua.

Kuna dalili njema moja. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mpya ya betri mwaka 2023, na kuanzia Februari 2027 betri za vyombo vidogo kama hivi zitatakiwa ziweze kutolewa na kubadilishwa na fundi yeyote huru mwenye ujuzi, si wakala wa kampuni peke yake. Sheria ile haikuandikwa kwa ajili yetu lakini baiskeli zitakazotengenezwa chini yake zitatufikia. Zile zilizotengenezwa kabla ndo zitatangulia kufika, na hizo ndo nyingi, na hizo ndo naziogopa.

Nikiwa na sauti kwa wanaoleta makontena ningewaambia hivi, endeleeni kutafuta zile za kawaida, hata kama huko zinakuwa chache, manake huku zinaishi miaka ishirini mingine. David Kinjah, mwendesha baiskeli wa mashindano, alikuwa anawafunza watoto wa mji wa Kikuyu karibu na Nairobi kwa mabaiskeli ya kuungaunga, na mmoja wa waliopita mikononi mwake, Chris Froome aliyezaliwa Nairobi, akaja kushinda Tour de France mara nne. Mtoto wa Ganda hatapata nafasi ya kujua miguu yake inaweza nini kama baiskeli pekee iliyoko sokoni ni ile inayohitaji betri ya bei ya ng'ombe. Na vyuo vyetu vya ufundi hapa kaunti ya Kilifi, tafadhali, mnafundisha pikipiki na mnafundisha sola, kati ya hivo viwili kuna nafasi ya mtu wa kufundisha mota na betri za baiskeli, na anayeanza sasa atakuwa na kazi kontena zikianza kufika kwa wingi.

Mimi mwenyewe nimeanza kuweka akiba, na nimenunua fremu ya pili ya kawaida ya inchi 29 na krenki mbili za ziada, zimo chini ya kitanda zimepakwa grisi.

Na wewe ambaye umeshapata mtu Mombasa anakuuzia ya stima kwa bei ya kutupa, usikimbilie Mpesa. Uliza betri ina umri gani na imekaa ghalani muda gani bila chaji, manake lithiamu ikiisha kabisa ikaachwa hivo mara nyingi haifufuki. Uliza chaja yake ipo na ufunguo wa kutolea betri upo. Iwashe mbele yake, ipeleke kwenye mchanga, ya kwenye lami haikuonyeshi kitu. Kisha izime mota kabisa unyonge nayo hivohivo kwa muda wa kutosha, jua likiwa limepanda, na kama bado unaitaka ndo muanze kuongea bei.